Mwaka Niliojifunza Hoja ya Nidhamu

Baba alianguka kazini Kitale siku ya Jumanne, nikiwa kidato cha tatu, na hakuinuka tena. Alikuwa fundi wa mizani. Wafanyabiashara wa mahindi walimwita mizani zao zilipoanza kudanganya, naye angezifungua, azisugue na kuzipima kwa mawe yake ya chuma mpaka ziseme kweli. Wiki nzima alikuwa huko, katika chumba cha kupanga, na Jumamosi alikuja nyumbani Kamukuywa. Tulimzika Jumamosi ya wiki iliyofuata, nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Sikulia. Watu waliningoja nilie, nikawaona wakiningoja. Shangazi yangu, dada wa pekee wa baba, aliyeolewa Bokoli, alinishika mabega mbele ya jeneza akanitikisa kidogo, kama anayetikisa kibuyu ajue kama kuna kitu ndani. Nilimtazama tu. Mama alilia siku mbili, kisha akanyamaza, na kimya hicho kikakaa. Mdogo wangu, msichana wa miaka sita, aliuliza mara moja kama baba angekuja na mkate Jumamosi. Aliambiwa hapana. Hakuuliza tena.

Jumatatu nilirudi shuleni. Ganzi ndilo neno ninaloweza kulitumia sasa, lakini wakati ule sikuwa na neno. Nilijua chakula ni cha moto kwa kuona mvuke. Nilijua nimechoka kwa sababu maandishi yangu yaliteremka chini ya mstari. Walimu waliacha kuniuliza maswali darasani, kwa huruma nadhani, na mimi nikaacha kuinua mkono.

Aliyeendelea kuniuliza ni mwalimu wa Kiswahili, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu. Ujanani, kabla ya ualimu, alikuwa karani. Kazi yake ilikuwa kuandika yote yaliyosemwa katika vikao vya madiwani. Alipenda kutuambia kwamba amesikia upuzi mwingi kuliko mtu yeyote wa umri wake, lakini ulikuwa upuzi uliosemwa kwa zamu.

Muhula huo shule yetu ilipata barua. Kila mwaka shule kadhaa za Bungoma na Trans-Nzoia zilikutana Kitale kuigiza mkutano wa mataifa: wanafunzi wanakuwa mabalozi, kila shule inapewa nchi, wanajadili na kupiga kura. Mikutano hiyo ilikuwa ya Kiingereza na ya shule kubwa kubwa. Sisi hatukuwahi kualikwa. Mwaka huo waandaaji walikuwa wameongeza kamati moja ya Kiswahili, wakataka wajumbe wawili kutoka kila shule.

Mjumbe wa kwanza alijulikana kabla barua haijafunguliwa. Alikuwa msichana wa darasa langu kutoka miteremko ya Mlima Elgon, mwepesi wa maneno, aliyeweza kubishana na mtu kuhusu rangi ya sketi aliyoivaa mtu huyo mpaka mwenyewe aiangalie. Wa pili nilikuwa mimi. Darasa liligeuka kunitazama.

Nilimfuata mwalimu hadi nje nikamwambia kwamba mimi siongei.

"Ndiyo sababu," alisema. "Huyo mwenzako ataongea. Wewe utajua wakati wa kuongea. Hizo ni kazi mbili."

Nadhani ukweli ni kwamba alinihurumia kama wengine, ila alikuwa ametafuta njia ya kunihurumia iliyokuwa na kazi ndani yake.

Tulifanyia mazoezi katika stoo ya shule, kati ya magunia ya mahindi na maharagwe, baada ya masomo. Mwalimu alikaa juu ya gunia akiwa mwenyekiti, na kengele yake ilikuwa kikombe cha bati na kijiko. Alitufundisha kwanza kwamba katika kikao hakuna mtu anayeitwa wewe. Unamsemesha mwenyekiti peke yake, hata kama unamjibu aliyekutukana kutoka upande wa pili wa ukumbi. Alitufundisha kutoa hoja na kuafiki hoja. Kwamba hoja isiyoafikiwa na mtu wa pili inakufa papo hapo, hata ikiwa nzuri namna gani. Alitufundisha marekebisho, kuahirisha mjadala, kufunga mjadala, na kwamba kufunga na kuahirisha si kitu kimoja, kwa sababu kilichoahirishwa kinaweza kufufuka. Alitufundisha akidi, ile idadi ya watu ambayo ikipungua kikao hakina nguvu ya kuamua lolote. Na alitufundisha hoja ya nidhamu, ambayo peke yake inaweza kumkatiza mtu katikati ya sentensi, si kwa sababu amekosea kuhusu dunia bali kwa sababu amekosea kuhusu utaratibu.

Niliandika yote katika daftari la kurasa tisini na sita, neno upande wa kushoto na maana upande wa kulia. Sikuwa na hamu nayo. Lakini kichwa changu wakati huo kilikuwa kama nyumba iliyohamwa, na maneno yale yaliingia yakakaa bila kugombea nafasi na kitu.

Siku moja alitueleza kuhusu hoja ya haki binafsi. Alisema mjumbe asiposikia, au akiona baridi, au akijisikia vibaya, anaweza kusimama na kuomba kikao kisimame mpaka jambo lake litazamwe.

"Kikao chote?" niliuliza.

"Chote. Hata kama wanajadili vita."

Nilifikiria jambo hilo nikitembea kwenda nyumbani. Halikunifurahisha wala kunihuzunisha. Nililiandika tu.

Shida yetu kubwa ilikuwa ulimi wangu. Sisi wa kwetu tunachanganya herufi mbili, r na l, na mimi nilikuwa nachanganya kuliko wengi. Kila nilipotaka kusema nchi yangu inapiga kura, nilisema inapiga kula. Mwenzangu alicheka mpaka akalalia magunia. Mwalimu hakucheka. Alinifanya niseme kura, kula, kura, kula, huku akigonga kikombe kila nilipokosa. Nyumbani nilifanya zoezi hilo nikiwa nakoroga ugali. Mdogo wangu aliketi karibu na jiko akirudia baada yangu, na yeye aliweza mapema kuliko mimi. Mama alikuwa palepale akichambua mboga. Hakuuliza tunafanya nini.

Tulipewa nchi ndogo ya chini ya mto, mbali sana na kwetu, na mjadala ulikuwa kuhusu mito inayopita katika nchi nyingi: nani ana haki ya kuyazuia maji, na anapaswa kumwarifu nani kabla ya kuyazuia. Mwenzangu alisoma habari za nchi yetu mpaka akaanza kusema "kwetu" akimaanisha huko. Mimi nilisoma kanuni za kikao. Zilikuwa kurasa kumi na moja zilizochapwa, na mwisho nilizijua kwa nambari.

Siku yenyewe tulikwenda na gari la shule la kubebea mizigo, mwalimu mbele na dereva, sisi nyuma tumekalia benchi la darasani, na sketi zetu tumezifunika kwa leso zisiingie vumbi. Tulipita katikati ya mji wa Kitale asubuhi, tuktuk zikitupigia honi. Maduka ya mahindi yalikuwa yamefunguliwa, na mbele ya kila duka kulikuwa na mizani. Nilijua kwamba baadhi yazo zimeshikwa na mikono ya baba. Mtu mmoja alikuwa amepandisha gunia akiinama kusoma sindano. Nilingoja kuona kama nitahisi kitu. Mwenzangu alikuwa akiniuliza kama kola yake imekaa sawa, nikamwambia imekaa sawa.

Kamati yetu ilikuwa na nchi ishirini na nne. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye suti iliyombana, mpole, mwenye wasiwasi wa saa. Wengi wa wajumbe walikuwa wamevaa tai na walikuwa wameshawahi kuja. Mwenzangu alisimama wa kwanza kwa upande wetu, yule asiyeshindwa na mtu, akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti," kisha maneno yakamwisha. Alisimama pale akiwa ameshika karatasi yake kwa mikono miwili. Midomo yake ilicheza lakini hakuna kilichotoka. Kengele ikalia muda wake ulipokwisha, akaketi, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Kwa hiyo nilisimama mimi. Nilisema nchi yangu haipingi mtu kujenga ukuta mtoni, inataka kuambiwa kwanza. Nilisema jambo hilo liandikwe katika azimio. Halafu nikasema, "Na tukifika wakati wa kupiga kula, tukumbuke walio chini ya mto."

Ukumbi ulicheka. Mvulana wa tai ya bluu aliinua kibao cha nchi yake, akaomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti kama mjumbe aliyesimama anaomba chakula cha mchana kiletwe. Walicheka tena, hata mwenyekiti alifunika mdomo. Miezi michache nyuma ningetamani ardhi ipasuke inimeze. Siku hiyo nilisimama tu nikingoja sauti ziishe, kama mtu anayengoja mvua ipite akiwa chini ya paa. Zilipoisha, nilirudia sentensi yangu taratibu, nikasema kura, nikaketi. Hakuna aliyecheka mara ya pili. Walidhani ni ujasiri.

Hadi kufikia saa sita tulikuwa tumeandika azimio pamoja na nchi nyingine za chini ya mto. Chai ilikuwa imeletwa barazani, imechelewa, na wajumbe walikuwa wakitoka mmoja mmoja. Mwenyekiti alitazama saa yake akasema tupige kura kabla ya chakula. Alihesabu: wanane wamekubali, wawili wamekataa, mmoja hakuegemea upande. Azimio limepita. Mwenzangu, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu, alinibana mkono kwa furaha.

Mimi nilikuwa nimehesabu pia. Tulikuwa nchi kumi na moja ndani ya ukumbi. Akidi ilikuwa kumi na mbili.

Nakumbuka vizuri kwamba sikusitasita. Niliinua kibao.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hoja ya nidhamu. Akidi haijatimia."

Alinitazama kama ambaye hakusikia. Karani wake alihesabu kwa kidole, akamnong'oneza. Wajumbe wakaitwa kutoka barazani, wakaingia wakiwa na mandazi mikononi, na kura ikapigwa upya. Kumi walikubali, kumi na wawili walikataa, wawili hawakuegemea upande. Azimio letu likaanguka.

Mwenzangu alingoja mpaka tukawa nje.

"Si ungenyamaza tu?" alisema. "Tulikuwa tumeshinda bana. Wewe ulikuwa unasaidia nani?"

Nilimwambia hatukuwa tumetosha. Hakunisemesha tena njia nzima hadi nyumbani. Jioni, kabla hatujaondoka, waandaaji walikuwa wamenipa cheti cha mjumbe aliyejua utaratibu kuliko wote, nikakikunja nikakiweka ndani ya daftari, kikapata mkunjo katikati ambao bado kinao.

Mwalimu alitusindikiza mpaka tulipoachana. Aliniuliza kama nilijua, nilipokuwa nikisimama, kwamba wale wa nje wangetupigia kura ya kutukataa. Nilisema nilijua.

"Na ukasimama."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Wewe ungekuwa karani mzuri," alisema. Sikujua kama ni sifa, na sikumwuliza.

Likizo ya Agosti watu wa baba walikuja nyumbani kukaa kikao. Baba mkubwa alitoka Bungoma mjini, ambako alikuwa mtumishi wa serikali. Alikuja na faili na kalamu mbili mfukoni. Shangazi alitoka Bokoli. Wazee wawili wa ukoo walitoka karibu. Waliketi sebuleni. Mama alikuwa jikoni, ile nyumba ndogo ya nje, akipika kuku. Mimi nilikuwa napeleka maji ya kunawa, kisha chai. Mdogo wangu alikuwa uani akimlisha mbuzi majani ya ndizi.

Baba mkubwa aliwaombea, akafungua faili, akasema kuna jambo moja. Shangazi alikuwa ameolewa miaka kumi na miwili na Mungu hakuwa amempa mtoto. Mama naye alikuwa amebaki na mzigo peke yake. Ingefaa yule mdogo aende Bokoli akalelewe na shangazi yake, asome huko, na likizo awe anakuja. Alisema vizuri, bila ukali. Alisema si kumnyang'anya shemeji mtoto, ni kumsaidia. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vikikunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake. Mzee mmoja aliunga mkono. Mzee wa pili akasema hata yeye anaona hivyo.

"Basi tumekubaliana," alisema baba mkubwa, akachukua kalamu.

Nilikuwa nimesimama kando ya meza na birika mkononi. Nilisikia sauti yangu kabla sijajua kwamba nimeamua.

"Samahani, baba mkubwa. Mama hajaketi."

Aliinua macho. "Mama yako anapika."

"Ndiyo. Lakini hajaketi."

Baba mkubwa hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizwa njia akiwa kwake. Mwishowe yule mzee wa pili alisema mtoto amesema neno, mwiteni.

Nilikwenda kumwita mwenyewe. Mama alikuja akifuta mikono kwa leso, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, na harufu ya moshi ikaingia pamoja naye. Baba mkubwa alimsomea jambo lote tangu mwanzo. Mimi nilibaki nimesimama, na nilikuwa na hakika ya jibu lake kama nilivyokuwa na hakika ya hesabu ya Kitale. Nilidhani nimemfungulia mlango wa kukataa.

Mama alikunja ile leso juu ya magoti. Halafu akasema, "Mchukueni."

Baba mkubwa alimwambia afikirie kwanza, hakuna haraka.

"Nimefikiria," alisema mama. "Hapa mimi hata simuoni, na ako mbele yangu. Ananiita naskia kama mtu anaita mtu mwingine. Aende kwa mwenye atamuona."

Shangazi alianza kulia. Baba mkubwa aliandika. Mama aliinuka akasema kuku ataungua, akatoka. Nami nilimimina chai, vikombe vinne, sikumwaga hata tone.

Mdogo wangu aliondoka kesho yake na shangazi. Alikuwa na mkoba wa shule na nguo katika mfuko wa karatasi. Niliwasindikiza hadi barabarani. Alifurahi kukaa dirishani.

Jioni, tulipokuwa tunaosha vyombo, mama alizungumza bila kunitazama.

"Kama hungeniita, ningesema walinichukulia mtoto," alisema. "Sasa nitajua ni mimi nilimpeana."

Nilingoja aseme kama hilo ni jema au baya. Aliniletea sufuria nyingine niisugue.

Hiyo ni miaka mitano sasa. Mwalimu alistaafu, na mara moja nilimwona sokoni Kamukuywa akichagua vitunguu, akaniuliza kama bado nahesabu watu nikiingia mahali. Nilimwambia bado. Yule mwenzangu tulipatana kabla ya mtihani wa mwisho. Siku hizi anasomea ualimu na hanyamazi. Mama alirudi polepole. Alianza kwa kuimba jikoni, wimbo uleule mmoja, halafu siku moja akaniuliza mbona nimekonda. Sasa anafuga kuku na huenda Bokoli kila baada ya wiki mbili na mayai. Mimi nasoma chuo Kitale. Siwezi kusema ni siku gani ganzi iliniacha, wala kama yote imeniacha.

Mwaka jana nilikwenda Bokoli wakati wa likizo. Mdogo wangu sasa ana miaka kumi na moja, mrefu, na anamwita shangazi Mama, na mama yetu anamwita Mama wa Kamukuywa. Tulikaa barazani na ungo wa maharagwe katikati yetu, tukichambua. Aliniuliza, kama anayeuliza habari ya hali ya hewa, ni nani hasa alisema siku ile ya kikao. Nilimweleza yote kwa mpangilio, nani alitoa hoja na nani aliafiki, na jinsi nilivyosimama nikasema mama hajaketi.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nje. Ulikuwa unalisha mbuzi."

"Hukuniita?"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maharagwe. Katika miaka yote hiyo, kati ya mambo yote niliyoyarudia kichwani kuhusu siku ile, hilo sikuwa nimelifikia. Nilikuwa nimepita karibu naye nikienda kumwita mama. Alikuwa ameniuliza kama chai imebaki.

"Hapana," nilisema. "Sikukufikiria."

Aliokota kijiwe kwenye ungo akakitupa uani, kisha kingine.

"Mimi nilikuwa nataka kwenda," alisema. "Nyumba ilikuwa imenyamaza sana. Lakini ungeniuliza."

Shangazi alimwita kutoka ndani. Akaitika, "Naam, Mama," akainuka, akapangusa sketi yake na kwenda. Maharagwe yalikuwa bado nusu ungo. Niliendelea kuyachambua mpaka yakaisha.